Mita ya LUKU na Swali la Ufunguo: Historia ya Vifaa vya Nyumbani Vinavyotii Amri ya Mbali

Vifaa vya nyumbani vilivyounganishwa na mtandao, yaani vile vinavyoweza kupokea amri kutoka mbali au kupeleka taarifa mbali bila mwenye nyumba kuvigusa, huelezwa mara nyingi kama uvumbuzi wa karne ya 21 uliotoka katika maabara za Marekani na viwanda vya China, na mifano inayotolewa huwa ni ile ile ya kamera, televisheni na spika zinazojibu sauti ya mtu. Katika Afrika Mashariki historia hiyo ina mlango mwingine wa kuingilia, nao ni mita ya umeme wa kulipia kabla, ambayo Tanzania Bara huitwa LUKU, Zanzibar Tukuza, Uganda Yaka na Rwanda Cash Power, na ambayo Wakenya huitambua zaidi kwa tokeni zake kuliko kwa jina lolote. Kwa familia nyingi mita hiyo ndiyo iliyokuwa kompyuta ya kwanza kufungwa ukutani mwa nyumba yao, na pia ndiyo iliyokuwa kifaa cha kwanza ambacho mtu mwingine, asiyeonekana, alikuwa na uwezo wa kukiamuru kifanye kazi au kiache. Anayefuatilia asili yake huona jambo ambalo mijadala ya sasa kuhusu vifaa janja huligusa kwa nadra: kwa zaidi ya miaka mia moja, usalama wa vifaa vya aina hii umebuniwa kwanza ili kumlinda muuzaji dhidi ya mwenye nyumba, na ulinzi wa mwenye nyumba mwenyewe umeachwa uje baadaye, kama ulikuja kabisa.

Biashara ya kumuuzia mtu nishati kabla hajaitumia ilitangulia kuenea kwa umeme. Mwishoni mwa miaka ya 1880 kampuni za gesi nchini Uingereza, ambazo hadi wakati huo ziliwahudumia zaidi watu wenye uwezo wa kupokea ankara na kuilipa baadaye kwa mkupuo, zilianza kufunga katika nyumba za wafanyakazi mita zenye tundu la sarafu, ambamo mtu alitumbukiza peni moja, akapata gesi ya thamani ya peni hiyo, kisha gesi ikakatika yenyewe. Mita hizo ziliwapa maskini jiko na taa, jambo ambalo halikuwa dogo hata kidogo, lakini ziliingiza pia ndani ya nyumba zao kisanduku cha fedha kisicho chao, chenye kufuli ambayo ufunguo wake ulishikwa na mkusanyaji wa kampuni. Hatari zilizohesabiwa zilikuwa sarafu bandia na kuvunjwa kwa kisanduku, na katika zote mbili aliyeshukiwa alikuwa mwenye nyumba au jirani yake.

Mfumo unaotumika leo Afrika Mashariki ulizaliwa kwingine, nchini Afrika Kusini, katika miaka ambayo utawala wa ubaguzi wa rangi ulikuwa ukiporomoka. Tangu mwaka 1986 wakazi wa Soweto, na baadaye wa vitongoji vingine vya Waafrika, waligoma kulipa kodi za nyumba na gharama za huduma, kwa sababu hawakuutambua uhalali wa mabaraza ya mitaa waliyowekewa. Wakati huohuo zaidi ya nusu ya kaya za nchi hiyo hazikuwa na umeme, na mpango wa ujenzi wa taifa uliotangazwa mwaka 1994 uliahidi kuziunganishia umeme kaya milioni 2.5 ifikapo mwaka 2000. Shirika la umeme la Eskom lilijikuta na kazi ya kuwauzia umeme mamilioni ya watu wasio na anwani wala akaunti ya benki, ambao wengi wao walikuwa na sababu ya kisiasa ya kutokulipa. Mita ya kulipia kabla ilionekana kuyatatua yote hayo kwa pamoja, kwa kuwa haikuhitaji msoma mita, ankara, deni, wala mtumishi wa kwenda kukata waya huku akizongwa na majirani. Uamuzi wa kukata umeme, ambao awali ulikuwa wa kisiasa na ulifanywa na mtu anayejulikana, ukawa sasa unafanywa na kifaa ndani ya nyumba, kimyakimya, salio linapofika sifuri.

Mita za mwanzo hazikuwa imara. Ross Anderson, mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa Cambridge aliyeshiriki katika usanifu wa ulinzi wa mita hizo nchini Afrika Kusini, ameandika kwa kirefu kuhusu namna zilivyoshindwa, na kisa kimoja kati ya alivyovieleza kinastahili kutazamwa kwa karibu. Aina moja ya mita ilikuwa na kosa katika programu yake, yaani katika orodha ya maagizo iliyochomwa ndani ya chipu kiwandani, kiasi kwamba msongo wa umeme ulipoporomoka hadi kati ya volti 160 na 180 mita ilijiandikia salio la juu kabisa. Watu waligundua kwamba umeme ukififia kwa namna fulani, uniti hujaa. Haikuchukua muda vijana wakaanza kurusha minyororo ya chuma juu ya nyaya za kilovolti 11 zinazolisha mtaa, ili kuushusha msongo na kuzijaza mita za nyumba zote kwa mara moja. Mita zaidi ya 100,000 zililazimika kung'olewa na kubadilishwa programu, na kampuni iliyoziuza ilikaribia kufilisika. Kosa dogo ambalo kwenye meza ya mhandisi lingekuwa la kurekebishwa kwa dakika chache liligeuka kuwa janga kwa sababu lilikuwa limenakiliwa sawasawa katika kila ukuta ambao mita hiyo ilifungwa, na sifa hiyo ya kosa moja kuwa katika maelfu ya nyumba ndiyo inayovitofautisha vifaa vya kompyuta na kufuli au jiko la kawaida, ambalo likiharibika huharibika peke yake.

Kutokana na mafunzo hayo, na kutokana na haja ya kuzifanya mita za watengenezaji mbalimbali zielewane na mfumo mmoja wa mauzo, kiliundwa kiwango kinachofahamika kwa kifupi kama STS, ambacho kilipata chama chake cha kukisimamia mwaka 1997 na kuingizwa katika viwango vya kimataifa mwaka 2007. Kila aliyewahi kununua umeme anaijua sura yake ya nje, nayo ni tokeni, yaani namba yenye tarakimu 20. Ndani ya tarakimu hizo mna kiasi cha uniti kilichonunuliwa na muda ambao tokeni ilitolewa, vyote vikiwa vimesimbwa, yaani vimegeuzwa kwa kanuni ya hesabu kiasi kwamba havisomeki bila ufunguo wa siri, ambao nao ni namba. Kila mita ina ufunguo wake, na anayeweza kuukokotoa ufunguo huo nje ya mita ni mfumo wa mauzo wa shirika la umeme peke yake. Ndiyo maana tokeni inaweza kununuliwa Mwanza, ikatumwa kwa ujumbe wa simu au kusomwa kwa sauti mbele ya abiria wa basi zima, ikaingizwa katika mita iliyoko Mbagala, na yeyote aliyeisikia asiweze kuitumia nyumbani kwake. Mita haiulizi kitu kwa yeyote. Huifumbua namba, huangalia kama inaihusu na kama haijawahi kutumika, kisha huongeza uniti au huikataa. Mita ya namna hii haina njia nyingine ya kusikia isipokuwa vitufe vyake, na umaskini huo wa mawasiliano, ambao wauzaji wa mita janja wa leo huuita upungufu, ndio ulioilinda kwa miongo mitatu.

Tanzania ilianza kuzitumia mita hizo katikati ya miaka ya 1990, na jina la LUKU, kifupi cha Lipa Umeme Kadri Unavyotumia, likaingia katika mazungumzo ya kila siku. Kenya ilifuata kwa majaribio mwaka 2009. Kwa miaka mingi kununua umeme kulimaanisha kupanga foleni dirishani kwa wakala, ambaye mashine yake ilipewa kikomo cha mauzo ili ikiibwa isiendelee kutoa tokeni bila mwisho. Tahadhari hiyo haikuwa ya bure, kwani nchini Afrika Kusini mashine za mauzo zilizoibwa zilitumika kutoa tokeni halali kabisa kwa wizi, na mita hazikuwa na namna ya kujua kwamba fedha zake hazikufika Eskom. Baada ya M-Pesa kuanzishwa Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, dirisha la wakala lilihamia polepole ndani ya simu ya mkononi, na hivyo mita ambayo haikuunganishwa na mtandao wowote ikawa imeunganishwa kwa njia ya kidole cha mwenye nyumba, anayenakili tarakimu kutoka katika kioo cha simu hadi kwenye vitufe.

Waliotaka kuushinda mfumo huo hawakushughulika na hesabu zake. Vishoka, kama wanavyoitwa mafundi wasio waajiriwa wa shirika wanaojipitisha mitaani na kutoa huduma za mkato, waliipita mita kwa kipande cha waya, umeme ukaingia ndani bila kuhesabiwa, na pamoja nao ikaingia hatari ya moto na ya kupigwa shoti kwa watu ambao mara nyingine hawakuelezwa kilichofanyika. Usimbaji uliokuwa umetulia katika tarakimu 20 haukuguswa. Kilichoguswa kilikuwa waya mbele yake. Kwa upande mwingine, mwezi Mei 2021, mfumo wa mauzo ya LUKU ulipopata hitilafu kwa siku kadhaa, Watanzania wenye fedha mfukoni na mita nzima ukutani walikaa gizani, wengine wakirudi kwenye foleni za ofisi ambazo walidhani zimekwisha. Tukio hilo lilionyesha kwa uwazi kuliko hotuba yoyote ya kitaalamu kwamba kifaa cha nyumbani kinachotegemea mfumo wa mbali hubeba udhaifu wa mfumo huo hata kama chenyewe hakina kasoro.

Hatua iliyofuata ilitoka kwa watu ambao nguzo za umeme hazikuwafikia. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza nchini Kenya mitambo midogo ya sola, yenye paneli, betri, taa kadhaa, redio na nyaya za kuchajia simu, ambayo mteja aliichukua kwa malipo ya kianzio na kuendelea kulipa kwa M-Pesa, katika miaka ya mwanzo kiasi cha shilingi 40 kwa siku, fedha ambazo kaya nyingi tayari zilikuwa zikizitumia kwa mafuta ya taa. Ndani ya kisanduku cha betri mlikuwa na laini ya simu. Kwa laini hiyo kampuni iliweza kuufungua mtambo malipo yalipoingia, kuufunga yalipokoma, na kupokea taarifa za hali ya betri. Kampuni nyingine za eneo hili zilitumia namba za kufungulia zinazofanana na tokeni, lakini mwelekeo ulikuwa uleule.

Faida yake haipaswi kudharauliwa. Mtoto aliyesomea kibatari alipata mwanga usio na moshi, fundi aliweza kujua betri inayochoka kabla haijafa, na mtu asiye na hati ya kiwanja wala mshahara wa benki alijijengea rekodi ya ulipaji iliyomwezesha kukopa tena, mara hii jiko, televisheni au simu. Hata hivyo mtambo huo ulibadilisha maana ya kumiliki kitu, kwa kuwa jua lilikuwa la Mungu, paa lilikuwa la mteja, betri ilikuwa imejaa, na taa bado ingeweza kukataa kuwaka kwa amri iliyotoka ofisini Nairobi. Dhamana ya mkopo haikuwa tena ng'ombe au shamba ambavyo mdai angelazimika kuja kuvichukua mbele ya wazee na majirani. Ilikuwa ni giza, na giza halihitaji shahidi.

Kilichotokea mwaka 2016 katika vifaa vya namna nyingine kabisa kinasaidia kuona upande wa pili wa jambo hili. Mwezi Septemba mwaka huo, tovuti ya mwandishi wa habari za usalama wa kompyuta, Brian Krebs, ilifurikwa na maombi ya uongo yenye ujazo wa zaidi ya gigabiti 600 kwa sekunde, na tarehe 21 Oktoba mafuriko kama hayo yaliiangusha kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikitafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za mtandao, kiasi kwamba huduma kubwa kama Twitter zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa katika sehemu kubwa ya Marekani. Waliofurika hawakuwa watu. Walikuwa kamera za ulinzi, virekodi vya video na vipanga njia vya intaneti kutoka katika nyumba na maduka ya nchi nyingi, vilivyotekwa na programu iliyoitwa Mirai. Mbinu yake haikuhitaji ustadi mkubwa, kwani ilizunguka mtandaoni ikigonga kila mlango na kujaribu jozi 62 za majina na maneno ya siri yaliyowekwa viwandani, ambayo wenye vifaa hawakuyabadilisha, na ambayo katika baadhi ya vifaa hayakuweza kubadilishwa kabisa. Baadaye mwaka huohuo mdukuzi Mwingereza aliyelipwa na mtumishi wa kampuni shindani alitumia jeshi la vifaa hivyo kuishambulia kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia, na mwaka 2019 mahakama ya Uingereza ilimhukumu kifungo cha gerezani.

Kamera hizo zinaweza kulinganishwa na mita ya LUKU kwa swali moja tu, nalo ni la nani angepata hasara ulinzi wa kifaa ukishindwa. Mita ikishindwa, shirika la umeme hupoteza mapato, na kwa hiyo kila mita ilipewa ufunguo wake wa pekee na kanuni za hesabu zilizopitiwa na wataalamu. Kamera iliposhindwa, mtengenezaji alikuwa ameshapokea fedha zake, mwenye kamera hakuona mabadiliko yoyote, na aliyeumia alikuwa mtu wa mbali asiyejulikana kwa wote wawili. Kwa hiyo maelfu kwa maelfu ya kamera ziliuzwa zikiwa na neno la siri moja. Ujuzi wa kuvilinda vifaa vya nyumbani vya bei nafuu ulikuwepo, na ulikuwa umethibitishwa katika vitongoji vya Afrika miaka 20 kabla ya Mirai. Haukutumika kwa sababu hakuna aliyedaiwa kuutumia. Uingereza ilikuja kupiga marufuku maneno ya siri ya jumla katika vifaa vinavyouzwa kwa wananchi, kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024.

Mwaka huohuo wa 2024 mita ya kulipia kabla ilipata mtihani wake mkubwa kuliko yote. Muda wa kutolewa kwa tokeni, ambao ndio unaoizuia tokeni ya zamani isitumike tena, huhesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ndani ya tokeni ni ya biti 24, yaani tarakimu 24 za sifuri na moja, ambazo haziwezi kuhesabu zaidi ya dakika 16,777,216. Dakika hizo zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo ingefika siku hiyo bila kubadilishwa ingekataa kila tokeni mpya, na mita za namna hiyo zilikuwa mamilioni kwa mamilioni, kutoka Cape Town hadi Kigali na nje ya Afrika pia. Kwa kuwa mita hazina njia ya kupokea marekebisho kutoka mbali, kazi ilirudi kwa wenye nyumba: Tanzania na Kenya mteja aliyenunua umeme katika miezi hiyo alipokea mafungu matatu ya tarakimu 20 badala ya fungu moja, mawili ya kwanza yakiwa yamebeba vipande viwili vya ufunguo mpya, ambao ni mrefu mno kuingia katika tokeni moja, na la tatu likiwa na uniti zenyewe. Akina mama, wapangaji, walinzi na watoto wa shule waliosimama mbele ya mita wakibonyeza tarakimu 60, na kuanza upya walipokosea moja, walikuwa wakifanya kazi ya kubadilisha funguo za usimbaji ambayo kwa kawaida hufanywa na wataalamu. Hesabu mpya inaanzia mwaka 2014 na itafika kikomo Novemba 2045.

Usumbufu wa mwaka 2024 umekuwa hoja mpya mikononi mwa wanaotaka mita zote ziwe na laini ya simu ndani yake, ili marekebisho, usomaji na ukataji vifanyike kutoka ofisini. Mita hizo zina manufaa ya kweli, kwa maana huonyesha mahali umeme unapopotea njiani, humjulisha mteja kifaa kinachomlia uniti, na huwezesha bei kushuka saa ambazo mahitaji ni madogo. Lakini mwaka 1989 mhandisi George Hart, ambaye utafiti wake katika chuo cha MIT ulikuwa umeonyesha kwamba mfululizo wa matumizi ya umeme ya nyumba huweza kufichua kifaa kipi kimewashwa na saa ngapi, aliandika mwenyewe kuonya kwamba mbinu hiyo ni nyenzo ya upelelezi, kwa kuwa anayezisoma takwimu hizo hujua watu wanalala lini, wanaamka lini na lini hawapo. Onyo lake lilichukua miaka 20 kusikika bungeni: mwaka 2009 baraza la juu la bunge la Uholanzi lilikataa kuzifanya mita hizo kuwa za lazima. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 zinampa mwananchi haki juu ya taarifa zake, na hiyo ni hatua inayostahili heshima, ingawa taarifa ni nusu moja tu ya jambo lenyewe.

Nusu ya pili ni swichi. Mwaka 2010 Ross Anderson na mwenzake Shailendra Fuloria walichapisha makala waliyoyajenga juu ya swali la nani anashika uwezo wa kuzima, wakieleza kwamba nchi inayofunga katika kila nyumba kifaa kinachokata umeme kwa amri ya mbali imejiwekea udhaifu ambao adui, au mtumishi mmoja mwenye kinyongo, anaweza kuutumia dhidi ya mamilioni ya kaya kwa usiku mmoja. Walipendekeza kinga nne, yaani amri ya kukata itolewe kwa ushirika wa zaidi ya mamlaka moja, funguo za akiba ziwepo endapo za kwanza zitatekwa, idadi ya nyumba zinazoweza kukatwa kwa muda fulani iwekewe kikomo, na kuwepo njia ya kuipita amri hiyo palepale kifaa kilipo. Tatu za kwanza hukaa kwa muuzaji wa umeme na kumlinda yeye pamoja na wateja wake. Ya nne huweka sehemu ya ufunguo ndani ya nyumba, na katika historia yote iliyofuatiliwa hapa, kuanzia tundu la peni hadi betri yenye laini ya simu, hiyo ndiyo kinga ambayo haikuonekana katika kifaa chochote kilichoelezwa.